RV park ndogo shambani Texas: hela nyingi inalala chini ya ardhi

Swali ambalo kila mtu ananiuliza kwanza kuhusu kujenga RV park, yaani sehemu ya kupaki magari ya kuishi, ni ekari ngapi, na mimi huwa najibu kwamba ekari haiamui kitu. Unaweza ukawa na ekari 10 ukaruhusiwa saiti 6 tu, yaani viwanja vya gari moja moja, na mwenzako mwenye ekari 3 pembeni ya mji penye bomba la maji taka la manispaa akaweka 25. Kinachoamua ni maji taka yataenda wapi, maji safi yatatoka wapi na umeme unaofika pale ni wa ukubwa gani. Hayo matatu ukishayajua ndo unahesabu saiti, alafu ndo unakaa chini kuangalia kama hela inarudi. Watu wengi wanaanza kinyume, wananunua shamba zuri lenye miti na kabwawa, wanachora saiti 30 kwenye karatasi, alafu kaunti inawaambia kwa udongo huu tunakupa 8.

Kwa ndugu zangu walioko nyumbani Tanzania ambao hawajaziona, RV ni gari la kuishi. Kuna ya kuvutwa na pickup, kuna ile kubwa kama basi unayoendesha mwenyewe, ndani kuna kitanda, jiko, bafu, choo, kiyoyozi. Chini yake kuna matanki matatu, la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. RV park ni sehemu yenye viwanja vilivyoandaliwa, unaingiza gari lako, unachomeka umeme, unaunga mpira wa maji, unaunga bomba la maji taka, unaishi. Wengine wanalala usiku mmoja, wengine wanakaa mwaka. Mimi na mke wangu tumejenga ya saiti 10 kati ya Dallas na Waco, nje kidogo ya barabara ya I-35, na haya ninayoandika ndo tuliyojifunza humo.

Wazo lenyewe lilinijia kwenye kazi. Nimeendesha semi miaka mingi na nilikua napeleka mizigo West Texas, kule Midland na Odessa kwenye visima vya mafuta, na pale nilikua nawaona wanaume wazima wenye mishahara mizuri wanaishi kwenye RV kwasababu nyumba za kupanga hazipo au bei haishikiki. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya kule kwenye mafuta tu, ila nikaanza kuangalia kila ninapopita, mafundi wa kuchomelea, watu wa nguzo za umeme, wanaofunga mitambo ya upepo, manesi wa mkataba wa wiki 13 (mke wangu anafanya nao kazi, ndo yeye aliyeniambia hao wanatafuta sehemu tulivu karibu na hospitali na hawapati). Hao sio watalii. Hao wanataka saiti inayofanya kazi, bomba lisilonuka, umeme usiokatika na mtu wa kumpigia simu akapokea. Kwa hiyo toka mwanzo tulijua hatujengi sehemu ya kuogelea na michezo ya watoto, tunajenga sehemu ya mtu kurudi amechoka akaoga akalala, na hiyo ikatuokolea hela nyingi sana manake hatukuhitaji vitu vya kupendeza, tulihitaji vitu vinavyofanya kazi.

Sasa kuhusu ardhi. Kitu cha kwanza tulichofanya kabla ya kusaini chochote ni kwenda kwa karani wa kaunti kusoma hati za zamani za lile eneo. Texas nje ya mipaka ya mji kaunti haina nguvu kubwa ya kukupangia matumizi ya ardhi kama miji inavyofanya, watu wanasikia hivyo wanafikiri wako huru kabisa, kumbe mwenye ardhi wa zamani anaweza akawa aliweka masharti kwenye hati kwamba hakuna kuishi kwenye trela milele na milele, na hayo masharti yanakufuata wewe. Pia ulizia kama upo ndani ya ile ETJ ya mji, yaani eneo la nje ya mji ambalo mji bado una mkono wake, manake hapo sheria zinabadilika. Alafu angalia mabomba ya gesi na mafuta yanayopita chini, Texas yamejaa, na juu ya njia yake huruhusiwi kujenga. Kwetu kulikua na moja linakatiza kona, tukaiacha hiyo kona nje ya ramani kabisa.

Kodi pia. Mashamba mengi huku yanalipa kodi ndogo kwasababu yamesajiliwa kama ya kilimo au mifugo. Ukibadilisha matumizi wanakudai tofauti ya miaka 3 ya nyuma, na bunge la Texas lilishaipunguza hiyo, kabla ya 2019 ilikua miaka 5. Ila wanakudai kwa kile kipande ulichobadilisha tu. Kwa hiyo sisi tulipima kipande cha park pembeni ya barabara, tukaweka fensi, sehemu yote iliyobaki tukaiacha kwa jirani anakata majani ya ng'ombe wake, inaendelea kuhesabiwa shamba. Huyo jirani ni mzee wa makamo ya baba yangu, amezaliwa hapo hapo, na tulienda kwake kumsalimia na kumweleza tunachotaka kufanya kabla hata mashine haijafika. Kwetu Usukumani huwezi kuanza kujenga bila jirani kujua, na nimeona huku kijijini Texas ni hivyo hivyo. Yeye ndo alitutembeza siku mvua kubwa imenyesha akatuonyesha maji yanapita wapi.

Na kuhusu maji ya mafuriko naomba mtu asinielewe vibaya, hili ndo nalisema kwa moyo wote. Usiweke watu kwenye bonde la mto. Najua pembeni ya mto ndo pazuri, ndo picha zinapendeza, ndo saiti inaenda bei ya juu. Tarehe 4 Julai 2025 alfajiri mto Guadalupe ulifurika kule Kerr County, zaidi ya watu 100 walikufa, na kati ya vilivyosombwa ni RV zilizokua zimepaki ukingoni watu wakiwa ndani wamelala. RV ni nyepesi, maji yakifika kwenye sakafu inaelea, inaondoka na familia. Ramani za mafuriko za FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, ziko bure mtandaoni, unaandika anwani inakuonyesha, na kaunti ina afisa wa mafuriko ambaye lazima apitishe mradi wako. Ila usiishie kwenye ramani, muulize mzee wa pale. Shamba la kwanza tulilolipenda lilikua na kijito kizuri nyuma, tukaliacha, na mke wangu ndo alikua na msimamo mkali kuliko mimi, akasema mimi sitalala usiku mvua ikinyesha nikijua kuna watoto wa watu kule chini.

Tuje kwenye maji taka, hapa kaa na mimi kidogo manake hapa ndo biashara yote ilipo.

Udongo wa kwetu hapa ni ule mweusi, wanauita Blackland Prairie, na mtu wa Shinyanga ukimleta hapa macho yamefungwa akaukanyaga mvua imenyesha atajua yuko kwenye mbuga, unanata kwenye buti mpaka unashindwa kutembea, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo huo haunywi maji. Ile septiki ya kawaida ya karo na mabomba yenye matundu yanayoachia maji yazame ardhini haifanyi kazi, maji yatarudi juu. Kwa hiyo unalazimika kuweka mfumo wa aerobic, yaani kuna tanki la kwanza linashika uchafu mzito, la pili linapulizwa hewa na pampu saa zote ili bakteria wale uchafu, yanapita kwenye klorini, alafu yanaingia tanki la mwisho ambapo pampu inayarushia juu ya majani usiku kama unavyomwagilia bustani. Hiyo sehemu ya kurushia inataka eneo kubwa, na ndo hapo ekari zinapopotea. Mhandisi anapima udongo, anapiga hesabu ya galoni kwa siku kwa kila saiti, anakuambia unahitaji eneo kiasi gani. Na ukivuka galoni 5,000 kwa siku, kama lita 18,900, unatoka kwenye kibali cha kaunti unaingia kwenye kibali cha jimbo cha mtambo wa maji taka, huko ni gharama nyingine na mda mwingine kabisa. Hilo namba 5,000 ndo liwe kichwani kwako siku unachora.

Kuna jambo mhandisi wetu alitueleza ambalo nadhani wengi hawalijui. Maji taka ya RV sio kama ya nyumba. Choo cha RV kinatumia maji kidogo sana, kwa hiyo kinachotoka ni kizito na kikali zaidi kuliko cha nyumbani, na mfumo uliopigiwa hesabu kama nyumba utazidiwa. La pili, watu wanaweka dawa kwenye tanki la choo kuzuia harufu, na baadhi ya hizo dawa zina formaldehaidi, ambayo inaua bakteria, na bakteria ndo wafanyakazi wako pale chini. Wakifa mfumo umekufa. Kwetu sheria ya kwanza kwenye karatasi ya kukaribishwa ni kwamba dawa ya formaldehaidi hairuhusiwi, tunampa kila mgeni chupa ya dawa ya enzaimu bure siku anayoingia. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kunyonya tanki na kuanza upya. Na vile vitambaa vya kujifutia vyenye unyevu, hata kama pakiti imeandikwa vinaweza kuflashiwa, haviruhusiwi, tumeweka ndoo yenye mfuniko kwa ajili yake.

La tatu ni kwamba maji hayaji kwa mpangilio. Mtu anayejua RV hafungulii bomba la choo mda wote, anafunga valvu mpaka tanki lijae ndo anafungua kwa mkupuo, ukiacha wazi maji yanatoka kinyesi kinabaki kinakauka ndani. Sasa Jumapili asubuhi watu wanaoondoka wote wanafungua ndani ya masaa mawili. Ndo maana mhandisi aliweka tanki la ziada mbele lenye pampu ya taima, linapokea huo mzigo wote alafu linapeleka kidogo kidogo kwenye tanki la hewa mchana na usiku. Tulikua na mkandarasi aliyetushauri tulitoe hilo tanki kupunguza bei, tukakataa, na namshukuru Mungu, manake wikiendi zilizojaa ndo naona kazi yake. Alafu jua kwamba aerobic Texas inakuja na mkataba wa matengenezo, mtu anakuja kila baada ya miezi 4 anakagua anapeleka ripoti kaunti. Hiyo iweke kwenye bajeti ya kila mwaka.

Bomba lenyewe la maji taka ni inchi 4, na mteremko tuliuweka robo inchi kwa kila futi. Hii nilisimama mwenyewe na kipimo. Kwenye udongo huu unaotanuka na kusinyaa, bomba ukilitandika moja kwa moja kwenye udongo mweusi litapinda baada ya misimu miwili mitatu na utapata mabonde ndani yanayoshika uchafu, kwa hiyo chini tukaweka mchanga, juu mchanga, na kila baada ya umbali fulani kuna mdomo wa kuzibulia. Na kile kichwa cha bomba pale saitini mfuniko wake ukae juu ya usawa wa ardhi, maji ya mvua yasiingie, manake mvua ya Texas ikiingia kwenye mfumo wako inajaza matanki kwa maji ambayo hayakuhitaji kusafishwa.

Kabla ya kuchimba popote piga 811, siku 2 za kazi kabla, ni bure, wanakuja kupaka rangi sehemu zenye nyaya na mabomba. Ni nchi nzima hiyo.

Maji safi kwetu haikua ngumu ila kulikua na uamuzi. Tungeweza kuchimba kisima. Lakini kuna sheria ya nchi nzima kwamba chanzo cha maji kinachohudumia miunganisho 15 au watu 25 kwa siku 60 za mwaka kinahesabiwa mfumo wa maji wa umma, na hapo unaingia kwenye vipimo vya maabara, mwendeshaji mwenye leseni, ripoti. Watu wanaangalia ile 15 tu wanasema mi nitaweka saiti 14, wanasahau ile 25, na saiti 10 zenye familia unaifikia bila kujua. Sisi tukachukua maji kutoka shirika la maji la vijijini linalopita barabarani, meta moja kubwa, wakatutaka tufunge valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba lao, basi. Tunalipa bili, wanapima maji wao.

Umeme sasa. Hapa kwetu kampuni ya umeme ni ushirika, wateja ndo wanachama, hizi zilianza miaka ya 1930 serikali ya Roosevelt ilipokopesha wakulima wajivutie umeme baada ya kampuni kubwa kuona vijijini hakulipi. Mtu aliyekulia kwenye ushirika wa pamba kama mimi anaelewa haraka, unaenda ofisini kwao unaongea na mtu, wanakuja kuona. Nenda mapema sana manake transfoma inaweza ikachukua miezi mingi kufika, na bila transfoma huna biashara hata kama kila kitu kingine kimekamilika.

RV zina plagi za aina mbili kubwa. Ya ampia 30 ni volti 120, nyaya tatu, inakupa wati 3,600. Ya ampia 50 ni nyaya nne, ina laini mbili za volti 120 ambazo zikijumlishwa ni 240, inakupa wati 12,000. Ona tofauti hiyo, ampia zinaonekana kama zimekaribiana lakini nguvu ni zaidi ya mara tatu. Na hapa kuna hatari ambayo naomba kila mwenye wazo hili aisome mara mbili. Ile plagi ya ampia 30 fundi umeme wa majumbani akiiona anaweza akafikiri ni kama ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni volti 240, akaifunga hivyo. Mgeni akichomeka, volti 240 zinaingia kwenye gari la volti 120, linaungua friji, televisheni, chaja, kila kitu kwa sekunde. Na sisi tuliotoka kwenye nchi za volti 230 akili yetu inaona 240 ni kawaida, haishtuki. Kwa hiyo kabla hatujafungua mimi nilipita na mita kwenye kila kiboksi, kila tundu, nikaandika namba kwenye daftari, na mpaka leo kiboksi kikifunguliwa na fundi yeyote lazima nipime kabla mgeni hajachomeka.

Ukubwa wa laini kubwa kuna jedwali kwenye kanuni ya umeme ya Marekani, ile NEC, sehemu ya 551. Inakubali kwamba sio wote watatumia umeme wote kwa pamoja. Saiti 10 za ampia 50 ni wati 12,000 mara 10, jumla 120,000, na kwa saiti 10 jedwali linasema hesabu asilimia 50, inabaki 60,000, ukigawa kwa 240 unapata ampia 250. Hiyo ndo sheria inayokuruhusu kushuka. Ila mi nakuambia sheria hiyo haijakaa Texas mwezi wa nane saa kumi jioni joto limepita nyuzi 38, kila RV imewasha viyoyozi viwili na hakuna hata mmoja anayezima. Tukaweka huduma ya ampia 400, na nyaya zinazoenda saiti za mwisho tukazipandisha unene, sababu umbali unakula volti, na volti zikishuka sana kiyoyozi kinavuta ampia zaidi kinajiunguza, mgeni analaumu park na ana haki. Waya mnene unalipa mara moja. Ukifukia mwembamba utachimba tena.

Mpangilio wa saiti ndo sehemu niliyoifurahia zaidi manake dereva wa semi anajua kona. Nilichukua rangi ya kupulizia nikachora barabara nzima kwenye majani, nikaomba rafiki aje na pickup yake na trela la fifth wheel, lile linaloshikwa ndani ya bodi ya pickup, la futi 40 azunguke kote kabla kokoto haijamwagwa. Pale matairi yalipotoka nje ya mstari ndo tukapanua. Barabara ni ya upande mmoja, unaingia huku unatokea kule, hakuna kugeuza. Saiti 6 ni za kupita moja kwa moja bila kurudi nyuma, zina futi 70, na 4 ni za kurudi kinyumenyume kwa wanaokaa mda mrefu. Viunganishi vyote, umeme, maji, maji taka, vinakaa upande wa kushoto wa gari kuelekea nyuma, upande wa dereva kwa huku, ndivyo RV zinavyotengenezwa, na kuna park nimeziona zimeweka katikati kati ya magari mawili, mmoja anafurahi mwenzake anapitisha mpira chini ya gari lake. Na miti, tawi la chini likae zaidi ya futi 14, manake kiyoyozi kipo juu ya paa. Ukiunganisha na barabara ya jimbo unahitaji kibali cha njia ya kuingilia kutoka TxDOT, idara ya barabara ya Texas, na lango liwekwe ndani mbali kiasi kwamba gari na trela lake vyote vinatoka barabarani mtu anaposimama kuuliza.

Chini ya kokoto tukatandaza kile kitambaa kizito cha ujenzi. Bila hicho udongo mweusi unameza kokoto, kila mwaka unaongeza, kila mwaka zinazama.

Baridi je, si ni Texas? Februari 2021 ile dhoruba ya baridi waliyoiita Uri ilipokuja, zaidi ya nyumba milioni 4 zilikosa umeme kwenye jimbo hili, mabomba yalipasuka kila mahali, watu walikufa kwa baridi ndani ya nyumba zao. Tulijenga baada ya hapo na tuliijenga tukiikumbuka. Mabomba yote ya maji tumeyazika chini kuliko ilivyotakiwa, na bomba la saitini ni lile la nguzo ambalo valvu yake ipo chini ardhini, ukifunga maji yaliyobaki kwenye nguzo yanashuka yanatokea kwenye kitundu chini. Ila kwenye mfinyanzi hicho kitundu hakina pa kupeleka maji, kwa hiyo chini ya kila nguzo tulichimba shimo tukajaza kokoto. Na mgeni akiacha mpira umeungwa usiku wa baridi nguzo haitoi maji yake, itapasuka hata kama ni ya gharama vipi. Kwa hiyo utabiri ukisema barafu napita jioni saiti kwa saiti nagonga mlango, namwomba kila mtu ajaze tanki lake la ndani alafu auchomoe mpira. Hakuna aliyewahi kukasirika kugongewa kwa ajili hiyo.

Wageni wetu wengi ni wa mwezi kwa mwezi, dola 450 na umeme kila mtu na meta yake, tofauti na wa usiku mmoja ambao umeme umo ndani ya bei. Hiyo ya meta usiiache, mtu asiyelipia umeme ataacha kiyoyozi kinapuliza mlango uko wazi. Mkataba aliuandika wakili, sababu mtu akikaa mda mrefu anaweza akawa na haki za mpangaji na kumtoa inakua kesi ya mahakamani, sio kumwambia tu ondoka. Bima ya biashara lazima, na kampuni ya LLC ili shamba na nyumba yenu visiingie kwenye kesi ya mtu aliyejikwaa. Ila zaidi ya karatasi tunaongea na watu. Mtu akipiga simu mke wangu anaongea naye, anamuuliza kazi yake, anakaa na nani, ana mbwa wangapi, na kwenye maongezi ya dakika kumi unajua mengi. Tuna mzee na mkewe waliostaafu, walikuja kwa wiki moja, bado wapo, na yule mama ndo anapokea wageni tukiwa kazini wote wawili, tunampunguzia kodi. Sikukuu tunachoma nyama, tunapika pilau, mafundi wa nguzo wanakuja na sahani zao.

Binamu yangu wa Arusha aliniuliza, kaka, hii si tunaweza kuifanya huku njia ya Karatu? Nikamwambia inawezekana ila usiichukue ya kwangu ukaihamisha. Wasafiri wanaopita huko na magari yao wanakuja na Land Cruiser zenye hema juu ya paa au malori yaliyogeuzwa nyumba, hawatafuti bomba la maji taka la kila saiti, wanatafuta bafu lenye maji ya moto, choo kisafi, kivuli, ulinzi usiku, sehemu ya kufulia, na lango ambalo lori refu linapita. Hapo hela yako iende kwenye bafu na kisima na fensi. Ila lile la kwanza linabaki pale pale, maji machafu ya hayo mabafu yanaenda wapi na udongo wa hapo unanywa kiasi gani, chimba shimo umwage ndoo uone kabla hujaongea na fundi wa kupaka rangi.

Tunachojenga sasa ni kibanda cha tufani. Texas ina tornado kila masika, na ndani ya RV hakuna sehemu salama hata moja, hata ikiwa imefungwa kwa minyororo. Mwanzoni mpango wetu ulikua wageni wakimbilie kwenye jengo la bafu, mhandisi akasema kuta zile za matofali bila nondo za kutosha ni hatari nyingine, kwa hiyo tumechukua mwongozo wa FEMA wa vyumba salama, ule P-361, na tunamwaga zege kuta na dari kwa pamoja, mlango wa chuma uliojaribiwa, benchi pembeni za kukaa watu wa saiti zote 10 na mbwa wao. Kimewekwa katikati ya park, ili hata yule wa saiti ya mwisho mwenye magoti mabovu afike kwa mguu kabla king'ora hakijanyamaza.